Dinosaria Aogeleaye wa Kwenye Runinga: Kati ya Binti na Mwalimu, Nani Yuko Sahihi?

«Binti yangu ana miaka 10 na hakosi tamthilia moja ya bunilizi ya kisayansi. Ndani yake tundu la wakati hufunguka ziwani na kumtoa dinosaria anayeogelea. Mnyama huyo ana shingo ndefu, makasia manne badala ya miguu, tanga mgongoni, mdomo kama wa mamba, na mkia mrefu anaoupiga juu na chini. Hukaa chini ya maji saa nyingi, na katika sehemu moja alionekana akizaa mtoto humo humo majini. Wiki iliyopita binti alimchora akampeleka shuleni. Mwalimu akamwambia hakuna dinosaria hata mmoja aliyewahi kuogelea, na kwamba hao wa majini si dinosaria. Binti akabisha, akamtaja Spinosaurus, akaambiwa anyamaze. Alirudi nyumbani analia, anasema ama runinga imemdanganya ama mwalimu amemdanganya. Mdogo wake wa miaka 6 naye, tangu aone mnyama huyo akimvuta mtu majini, hataki kabisa kuingia kwenye bwawa la kuogelea. Nani yuko sahihi? Na je, mnyama wa namna hiyo anaweza kuwa bado yupo katika ziwa fulani?»

Ndugu mzazi, pole kwa machozi hayo. Nadhani kilichomuumiza binti yako kuliko kunyamazishwa ni kuhisi kwamba mmoja kati ya wale anaowaamini ni mwongo. Naomba nianzie hapo: hakuna mwongo. Mwalimu yuko sahihi katika nusu ya aliyosema, binti yuko sahihi katika nusu nyingine, na mnyama wa runinga ameshonwa kwa vipande vya viumbe ambao hawakuwa hata wa ukoo mmoja. Tukimfumua mshono mmoja mmoja, kila mtu atapata haki yake.

Watu wengi hudhani neno dinosaria lina maana ya «mnyama yeyote mkubwa wa kale mwenye ngozi ya mjusi». Sivyo. Ni jina la ukoo, na ukoo huthibitishwa kwa nasaba. Nyangumi na papa wote wana mapezi na wote wanaishi baharini, lakini nyangumi ni ndugu wa kiboko, na papa ni samaki. Ndivyo ilivyo kwa viumbe wa kale. Mwingereza Richard Owen alipolitunga jina Dinosauria mwaka 1842, alikuwa na mifupa ya wanyama watatu tu wa nchi kavu. Alichokiona ni kwamba nyonga zao ziliungana imara na uti wa mgongo, na miguu yao ilisimama wima chini ya mwili kama nguzo za nyumba. Mtazame mamba au kenge anapotembea: magoti yametanuka pembeni. Dinosaria hakuwa hivyo. Hata leo, mtu akiniletea mifupa akaniuliza kama ni ya dinosaria, jicho langu huenda kwanza kwenye nyonga. Pale paja linapoingia, dinosaria ana tundu lililopenya upande wa pili. Wengine wengi wana kikombe chenye kitako. Likumbuke tundu hilo, tutalirudia.

Sasa tumfumue huyo mnyama. Shingo ndefu na makasia manne ni vya plesiosaria, kundi la reptilia wa majini wa kale. Mwishoni mwa mwaka 1823 Mary Anning, mwanamke maskini aliyechimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwenye majabali ya Lyme Regis huko Uingereza, alifukua mifupa ya plesiosaria karibu mzima. Shingo ilikuwa ndefu kiasi kwamba Georges Cuvier, bingwa wa fani hii Ufaransa, alishuku kwamba kuna mtu ameunganisha mifupa ya wanyama wawili. Baadaye alikubali kwamba alikosea. Marekani nako, mwishoni mwa miaka ya 1860, mtaalamu Edward Cope aliipanga mifupa ya Elasmosaurus, plesiosaria mwingine, na kuweka kichwa kwenye ncha ya mkia, kwa sababu hakuamini kwamba upande ule mrefu ndio shingo. Mwambie binti yako kisa hicho. Ataona kwamba hata mabingwa wamewahi kusahihishwa, tena hadharani.

Plesiosaria hawakuwa dinosaria. Walikuwa reptilia wa tawi jingine kabisa, na hapa mwalimu ana haki yake yote. Vivyo hivyo iktiosaria, wale wenye umbo la pomboo, na mosasaria, majitu ya bahari ambao jamaa zao wa karibu leo ni kenge na nyoka. Hawa wote waliishi zama zilezile na dinosaria, na ndiyo maana vitabu vya watoto huwachora pamoja. Kuishi zama moja hakufanyi watu kuwa ndugu.

Mdomo wa mamba na tanga mgongoni ni habari nyingine. Hivyo ni vya Spinosaurus, na Spinosaurus ni dinosaria halali, wa jamii ya wala nyama waliotembea kwa miguu miwili. Binti yako alipomtaja hakuwa mkaidi. Alikuwa ameshika jambo ambalo wataalamu wanalibishania hadi leo.

Ngoja nikae hapa kidogo, maana hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Mjerumani Ernst Stromer alimwelezea Spinosaurus mwaka 1915 kutokana na mifupa iliyopatikana kwenye oasisi ya Bahariya nchini Misri. Miiba ya uti wa mgongo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Mifupa hiyo ikawekwa kwenye makumbusho ya Munich, na usiku mmoja wa Aprili 1944 mji uliposhambuliwa kwa mabomu, yote ikateketea. Zikabaki picha na michoro ya Stromer. Kwa miaka mingi tulikuwa tunamjadili mnyama ambaye hatuna mifupa yake ya kwanza mkononi.

Kisha ikaja mifupa mipya kutoka Moroko. Mwaka 2014 mtafiti Nizar Ibrahim na wenzake walitangaza kwamba Spinosaurus alikuwa na miguu mifupi ya nyuma na mifupa mizito isiyo na uwazi mkubwa ndani, kama mnyama wa majini. Mwaka 2020 wakaonyesha mkia wake: mpana na bapa kwa wima, kama kasia. Wakatengeneza kifani cha mkia huo, wakakifunga kwenye mashine ndani ya tangi la maji, na ukasukuma maji kwa nguvu kuliko mikia ya dinosaria wengine waliolinganishwa nao. Ungedhani mjadala umekwisha.

Haukuisha. Tayari mwaka 2018 Donald Henderson alikuwa amekokotoa jinsi mwili ule ungeelea, na akaona ungependa kulalia ubavu na usingeweza kuzama kwa urahisi. Mwaka 2022 kundi moja likapima uzito wa mifupa ya wanyama wengi, walio hai na waliotoweka, likasema Spinosaurus alipiga mbizi kuwinda. Mwaka huohuo Paul Sereno na wenzake wakajibu kwamba hapana: aliogelea juujuu, polepole, chini ya mita 1 kwa sekunde, na kuzama kabisa kulimshinda. Mwaka 2024 takwimu za lile kundi la mbizi zikakosolewa pia.

Kwa nini uzito wa mifupa una maana? Kwa sababu mapafu yaliyojaa hewa humwinua mnyama kama boya. Anayetaka kushuka chini anahitaji kitu cha kumvuta, na mifupa mizito hufanya kazi ya nanga. Pengwini wanayo, kiboko anayo. Lakini kiboko huyohuyo anatuonya tusikimbilie hitimisho. Anashinda majini mchana kutwa, ana mifupa mizito, na bado si muogeleaji hodari. Kwa kawaida hutembea akikanyaga sakafu ya mto. Mfupa mzito unasema «huyu alishinda majini». Hausemi alifanya nini humo.

Ukiniuliza mimi, namwona Spinosaurus kama korongo mwenye urefu wa mita 14 hivi: anasimama kwenye maji ya kina kifupi, mdomo mrefu karibu na uso wa maji, akivizia samaki wakubwa. Anapolazimika kuvuka mto anaogelea, tena vizuri kiasi. Hata hivyo mkia ule unaninyima raha. Mnyama hapati kasia kubwa namna hiyo bure, na yeyote anayekuambia jambo hili limeshafungwa, upande wowote, anakuongezea uhakika ambao mifupa haijautoa. Kwamba jamaa hawa walikula samaki hakuna ubishi mkubwa. Ndani ya kifua cha Baryonyx, binamu yake aliyepatikana Uingereza mwaka 1983, yalikutwa magamba ya samaki pamoja na mifupa ya dinosaria mchanga.

Twende sasa kwenye sentensi ya mwalimu kwamba hakuna dinosaria aliyewahi kuogelea. Hiyo ndiyo nusu isiyosimama. Kuogelea ni jambo moja, kuwa kiumbe wa majini ni jingine. Tembo huogelea vizuri sana, na hakuna anayemwita mnyama wa majini. Mwaka 2007 watafiti walieleza nyayo za ajabu zilizopatikana Hispania, mahali paitwapo La Virgen del Campo: mikwaruzo 12 ya kucha, kwa mfuatano, katika umbali wa mita 15. Dinosaria mla nyama alikuwa anaelea, ncha za kucha zikigusa mchanga wa chini kila anapopiga teke, huku akipambana na mkondo uliokuwa ukimsukuma pembeni. Mimi nikitazama picha za mikwaruzo ile nasikia hata kuhema kwake. Kwa hiyo dinosaria waliogelea. Ambao hatujawapata, katika wale wakubwa wa kale, ni walioishia kuwa wa majini moja kwa moja kama nyangumi.

Tena fani yetu ilishawahi kukosea kwa kuegemea upande wa pili. Kwa muda mrefu wataalamu walichora wale dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu wakiwa wamezama ziwani, pua tu zikichungulia juu, kwa imani kwamba miguu yao isingebeba uzito ule nchi kavu. Mwaka 1951 Kenneth Kermack akauliza swali rahisi: wangepumuaje? Maji yana uzito. Kifua kikiwa mita kadhaa chini na pua iko juu, shinikizo la maji linakibana kifua na mapafu hayawezi kutanuka kuvuta hewa. Hata binadamu hawezi kuvuta hewa kwa mrija mrefu akiwa mita chache tu chini ya maji. Leo tunajua majitu yale yalikuwa ya nchi kavu.

Na kuna muogeleaji mmoja ambaye hakuna anayeweza kumkana: pengwini. Ndege wote wametoka ndani ya ukoo wa dinosaria, kwa nasaba kabisa, si kwa mfano. Pengwini mkubwa aitwaye emperor hupiga mbizi hadi zaidi ya mita 500. Kabla yake, zama za dinosaria wenyewe, alikuwapo Hesperornis, ndege mwenye meno, mrefu karibu kama mtu mzima, aliyeogelea kwa miguu na asiyeweza kuruka. Kwa hiyo binti akiulizwa kama yupo dinosaria wa majini, ajibu bila woga: yupo, tena yu hai, na ana manyoya.

Ulitaja mambo mengine matatu katika tamthilia ambayo nisingependa yapite hivihivi.

Kwanza mkia unaopigwa juu na chini. Hilo ni kosa linalonikera, kwa sababu ni rahisi sana kulirekebisha. Mamba, kenge na samaki hupinda mwili kulia na kushoto. Nyangumi na pomboo hupiga juu na chini kwa sababu ni mamalia, na mababu zao walipokimbia nchi kavu mgongo ulipinda hivyo, kama wa duma akikimbia. Waliporudi majini walikwenda na mwendo wao wa kale. Mkia wa Spinosaurus, kwa ule ubapa wake wa wima, ungekwenda kulia na kushoto. Plesiosaria naye hakutegemea mkia. Alipiga makasia yake kama mbawa, ni kama aliruka ndani ya maji. Majaribio ya mwaka 2017 kwa makasia ya kuigiza yalionyesha kwamba ya nyuma, yakipigwa kwa wakati mwafaka, hunufaika na mawimbi yanayoachwa na ya mbele, na msukumo wake huongezeka hadi asilimia 60.

Pili, kuzaa majini. Kwa plesiosaria ni kweli: mwaka 2011 kilielezwa kisukuku cha plesiosaria mwenye mimba ya mtoto mmoja mkubwa. Kwa dinosaria hatuna hata kisukuku kimoja cha kuzaa mtoto hai. Wao walitaga, kama mamba na ndege wote wa leo, na yai lenye ganda gumu hupumua hewa kupitia vitundu vidogo vya ganda. Litumbukize majini, kifaranga kinakufa. Hata pengwini, pamoja na uhodari wake wote, lazima apande nchi kavu au juu ya barafu ili atage. Huenda hiyo ni sababu moja iliyowazuia dinosaria kuhamia baharini jumla jumla, ingawa hapo natoa maoni yangu tu.

Tatu, kukaa chini saa nyingi. Wote tuliowataja walikuwa na mapafu. Kasa aliyetulia anaweza kukaa saa kadhaa bila kupumua kwa sababu damu yake ni baridi na mwili unatumia hewa kidogo. Mnyama anayekimbizana na mashua na kupigana hawezi. Angepanda juu kuhema, kila mara.

Kuhusu mnyama huyo kuwa bado yupo ziwani: hapana. Plesiosaria wa mwisho walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Ziwa linalotajwa zaidi, Loch Ness la Scotland, lilifunikwa na barafu hadi kama miaka 10,000 iliyopita. Ile picha mashuhuri ya mwaka 1934 ya mnyama anayedaiwa kuwamo humo ilikuja kujulikana kuwa ni kichwa cha bandia kilichobandikwa kwenye nyambizi ya kuchezea. Mwaka 2018 kundi la mwanasayansi Neil Gemmell lilichota maji sehemu mbalimbali za ziwa na kusoma chembe za urithi zilizomo. Walipata mikunga kwa wingi, na hakuna reptilia hata mmoja. Mwaka 1977 meli ya uvuvi ya Wajapani ilinasa mzoga wenye shingo ndefu karibu na New Zealand, dunia ikataharuki, lakini tishu zilielekeza kwa papa aina ya basking. Papa huyo akioza, taya huanguka kwanza na kubakiza kitu kinachofanana na shingo.

Sasa, ufanye nini? Unaweza kumwambia binti kwamba mwalimu amekosea, na utakuwa umesema nusu ya kweli na kumharibia heshima ya darasani. Unaweza kumwambia amtii mwalimu na asahau, na hilo naliogopa zaidi, maana mtoto wa miaka 10 anayejua jina la Spinosaurus ni mtoto wa kutunzwa. Ningependa uzungumze na mwalimu wewe mwenyewe kwanza, faraghani na kwa adabu, umwonyeshe kwamba binti alikuwa na hoja. Walimu wengi hufurahi wakijiwa hivyo. Kisha binti achore upya: mnyama mmoja kwa karatasi moja, kila mmoja na ukoo wake. Tamthilia aendelee kuitazama. Mtunzi wa hadithi ana ruhusa ya kushona viumbe, na kuujua mshono hakuondoi utamu. Kuna jambo litakalomfurahisha pia: mwaka 2022 mifupa ya plesiosaria wadogo ilielezwa kutoka kwenye mashapo ya mto wa kale wa Moroko, eneo lilelile alikoishi Spinosaurus. Wawili hao aliowaona wameshonwa pamoja huenda kweli waliwahi kutazamana kwenye maji mamoja.

Kwa mdogo wake, mimi ni mtu wa mifupa, si daktari wa watoto, kwa hiyo nitasema kidogo. Usimcheke wala usimsukume majini kwa nguvu. Kwanza kaeni ukingoni miguu ikiwa majini, atazame sakafu ya bwawa mwenyewe, na zile sehemu za kutisha asionyeshwe kwa sasa. Hofu ya namna hii kwa umri wake kwa kawaida hupungua. Ikidumu wiki nyingi, au ikiingia kwenye usingizi, kuoga au kwenda shule, mpelekeni kwa daktari au mshauri wa watoto, ana kwa ana. Si jambo la kumalizwa kwa barua.

Na kama kuna makumbusho yenye mifupa ya dinosaria mnayoweza kuyafikia, nendeni, mwombe mtu wa hapo awaonyeshe nyonga. Mkikuta mfupa wa ajabu ardhini, msiuchimbue. Upigeni picha ulipo na muwaite wataalamu, kwa sababu mahali ulipolala ni nusu ya habari yake.

Kama makumbusho ni mbali, chukueni nyonga ya kuku, muichemshe, muisafishe na kuikausha. Pale paja lilipokuwa limeingia, binti ataona tundu lililopenya upande wa pili. Aiweke nyonga hiyo mfukoni, aipeleke kwa mwalimu pamoja na mchoro wa pengwini.